Kompyuta ya Afande na Firigisi za Ijumaa

Jambo lote lilinigharimu shilingi elfu hamsini na tano za memori ya kompyuta, elfu kumi za nauli ya kutoka Mbale hadi Jinja na kurudi, chupa moja ya soda niliyoinywa polepole nikisubiri bei ishuke, na rafiki mmoja. Nimehesabu tena: rafiki mmoja. Pesa zote Haji alinirudishia kesho yake, isipokuwa ya soda, ambayo alisema haimo ndani ya kompyuta. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilipata hasara gani mwaka ule, hesabu ni fupi, soda na Tenywa, na kwa miaka mingi nilijitahidi sana kuililia soda.

Nisingeanza kuyapekua haya kama Hajati Aisa asingefariki. Yeye ndiye aliyetulisha mimi na Tenywa tulipokuwa mafundi wa mumewe, Haji Muzamiru, na siku ya dua nyumba yake ya Nabuyonga ilijaa hadi watu wakakaa kwenye mikeka nje. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, najiuliza kwa nini ya jirani yangu ina nyama nne na yangu tatu, gari jeupe liliposimama getini. Akashuka mtu mnene kidogo, shati limenyooshwa vizuri, akafuatwa na watoto watatu waliojua kusalimia wakubwa kwa kupiga magoti. Nilimtambua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa upande mmoja, kama kuku anayesikiliza. Tenywa. Gari moja, matairi manne na yote mapya, watoto watatu, meno kamili. Mimi nina pengo upande wa kushoto, na nilikuja kwa bodaboda ya kugawana. Nilitakiwa kumsikitikia marehemu, na nilimsikitikia, lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeshamaliza kukagua yale matairi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Haji alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta mjini Mbale, karibu na maduka ya jumla, lakini kazi yenyewe ya kufungua mashine tuliifanyia nyumbani kwake, katika chumba cha nyuma kilichopakana na jiko. Kati ya chumba na jiko kulikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo. Kupitia dirisha hilo tulipata moshi, harufu ya malewa, yale machipukizi ya mianzi, yakichemka kwenye karanga, na mazungumzo yote ya Hajati na majirani zake, tukitaka tusitake. Nyumba yenyewe ilikuwa safi mpaka inaogopesha. Uliacha viatu mlangoni. Televisheni ilikuwa na kitambaa cha kufuma juu yake, na kila kitu kilichowahi kununuliwa kipya kilikuwa bado ndani ya kavera, yaani ile nailoni kilichotoka nayo dukani. Makochi yalikuwa na kavera, ukikaa yanalia. Rimoti ilikuwa na kavera, unabonyeza kwa nguvu. Hata saa ya ukutani ilikuwa na kavera juu ya kioo, imeanza kuwa ya njano, na hakuna aliyethubutu kuibandua, maana kitu ukishakibandua upya wake umekwisha. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Nakuomba ulikumbuke hilo utakapofika mahali pa kunihukumu.

Tulikuwa wawili na kazi tuligawana bila kupangiwa. Mimi nilinunua na kuuza, Tenywa alitengeneza. Alikuwa Msoga wa Jinja, mama yake alikaa Walukuba, na alitengeneza kwa masikio. Mashine ikiwashwa yeye hakuangalia skrini, aliinamisha kichwa. "Siraji, hii inaria mara mbiri fupi," alikuwa akisema, kwa ile r yao inayoingia mahali pa l, "skrini ni nzima, kadi ndiyo mbovu." Na kweli kadi ilikuwa mbovu. Skrubu alizitia mfukoni, mdomoni, kwenye kikombe cha chai. Mimi nilizipanga kwenye sahani, nikazihesabu zikitoka na nikazihesabu zikirudi, na hakuna mteja aliyewahi kunishukuru kwa hilo. Yeye walimshukuru. Mwezi wa tatu nikiwa nimeinama chini ya meza natafuta skrubu yake, nilimsikia Hajati dirishani akimwambia jirani: "Yule Tenywa ana mkono. Siraji ana mdomo." Jirani akasema mdomo nao unahitajika dukani. Hajati akacheka, akasema, "Ndiyo, wa kufukuzia nzi." Nilikaa chini ya meza mpaka wakahamia habari nyingine.

Kuku alichinjwa kila Ijumaa. Kwetu firigisi ya kuku haiendi kwa mtu yeyote tu, ni ya baba mwenye nyumba, na mwanamke anayejiheshimu hawezi kuisahau sufuriani. Lakini mwaka ule meno ya Haji yalikuwa yamegoma. Alitafuna firigisi ya kwanza ya mwaka, akaitema kwenye kiganja, akasema, "Mama, hii wape vijana." Vijana tulikuwa wawili na firigisi moja. Hajati aliiweka kwenye sahani ya Tenywa. Ijumaa iliyofuata hivyohivyo. Kufikia mwezi wa nane nilikuwa nimehesabu Ijumaa thelathini na moja. Firigisi zangu zilikuwa mbili, na zote mbili Tenywa alikuwa amekwenda kumwona mama yake. Yeye mwenyewe hakujua kama ameheshimiwa. Aliitafuna huku akizungumza, wakati mwingine akaimega na kunitupia kipande. "Chukua, munange, rafiki yangu, unaangaria kama mtu wa njaa." Nilikataa kila mara. Ya kutupiwa nilikuwa siitaki.

Hayo yote ningeyameza kama Haji asingekodi chumba Jinja. Alitutangazia mezani, mwanzoni mwa mwezi huo wa nane, kwamba anafungua duka la pili. "Mmoja wenu atashika funguo za Jinja. Mwingine atabaki na mimi hapa. Sijaamua." Alisema hajaamua huku akimwangalia Tenywa. Kwa Tenywa, Jinja ilikuwa kwenda kukaa karibu na mama yake. Kwangu ilikuwa meza yangu, wateja wangu, jina langu peke yake midomoni mwa watu. Usinicheke. Sikuwa nataka kitu kingine chochote mwaka ule, hata mke.

Wiki ileile akaja Afande Okiror. Alikuwa ofisa wa magereza aliyekaribia kustaafu, mrefu, na alikuwa na kompyuta ya kuchapia watu barua na maombi ya kazi. Aliileta kwenye bodaboda, imefungwa kwa shuka kama mgonjwa, na alitusalimia kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Vijana. Hii mashine inawaka, lakini inawaza sana. Nikiandika neno moja, nakunywa chai, ndiyo neno linatokea."

Tenywa alisikiliza, akasema ni memori ndogo, iondolewe iwekwe kubwa zaidi. Aina ile ya memori ilikuwa ya zamani, Mbale ilikuwa imekwisha. Haji alimjua muuzaji mmoja Jinja, na kwa kununua ilikuwa zamu ya mdomo. Tenywa akaichomoa ile ndogo, akanipa niende nayo kama mfano, nisije nikaleta isiyolingana.

Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, katika moja ya yale maduka ya zamani yenye nguzo mbele. Alianzia elfu themanini. Nilitoka dukani mara mbili. Mara ya kwanza hakuniita, ikabidi nirudi mwenyewe nikijifanya nimesahau kalamu. Mara ya pili nilinunua soda, nikainywa mlangoni pake polepole mpaka akachoka kuniona. Mwisho nikamwambia, chukua hii ya zamani juu, unipe mpya kwa hamsini na tano. Akaigeuza ile ndogo, akakubali. Nilijiona fundi wa mafundi. Memori ilikuwa na kavera nyembamba mno iliyopita juu ya yale meno yake ya dhahabu ya kuchomekea, upande mmoja, laini, huioni mpaka uielekeze kwenye mwanga. Mzee akaigusa kwa ukucha. "Kabla hujaichomeka, bandua hii. Lakini ukishabandua ni mali yako, hapa usiirudishe." Maneno mawili alisema. Mimi nilisikia la pili. Njia nzima mpaka Mbale nilikuwa nawaza kwamba kavera ikiwa mahali pake, elfu hamsini na tano zangu bado zina njia ya kurudi nyumbani. Penye kona moja ilikuwa imeanza kuinuka. Nikailaza vizuri kwa kidole gumba.

"Meno yake usiyaguse," nilimwambia Tenywa nikimkabidhi. "Usisugue na raba, usikwaruze. Ikiwa na alama hawaipokei." Tenywa alikuwa mtu wa kutii kitu cha mwenzake. Akaishika kwa ncha kama yai, akaichomeka, akawasha. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi, na ndani ya sanduku ukatoka mlio mmoja mrefu, ukakatika, ukaanza tena.

"Inaria memori," alisema Tenywa. "Haiioni. Iko wapi ire ya zamani tujaribu?"

Nikamwambia nimeiuza. Hakuna fundi anayeuza kiungo cha mgonjwa kabla mgonjwa hajaamka, na nadhani alitaka kusema hivyo, lakini alisema tu, "Haya." Akaichomoa, akaichomeka tena. Akahamia nafasi ya pili, ya tatu. Akatoa ile betri ndogo ya duara akahesabu mpaka mia, akairudisha. Akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akafagia nafasi za memori kwa unyoya wa kuku wa Ijumaa iliyopita. Akatoa kadi moja moja, akabadilisha kisanduku cha umeme. Kila mara mlio uleule. Jioni Haji aliingia akauliza, na Tenywa akasema kwa upole, "Haji, nadhani memori yenyewe imekufa."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. "Imekufaje? Muuzaji aliijaribu mbele yangu. Niliiona ikiwaka kwa macho haya."

Sikuwa nimeona kitu. Lakini kama memori ni mbovu, aliyenunua ni mimi, aliyeuza ya zamani ni mimi, na funguo za Jinja ninazisikia zikilia katika mfuko wa mtu mwingine. Haji akamgeukia Tenywa. "Basi umeunguza ubao wa mashine. Si wewe na manyoya yako." Tenywa hakubisha. Alisema hawezi kuwa na uhakika. Mtu mjinga kama yule, anayesema hana uhakika mbele ya tajiri wake!

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, Afande alifika. Alisimama juu ya kompyuta yake iliyofunguliwa, mikono nyuma.

"Mimi nilileta mashine inawaza polepole. Sasa haiwazi kabisa. Nyinyi mmenipa sanduku ya kufugia kuku."

"Afande, tupe mpaka saa nane," alisema Haji.

"Saa nane nakuja. Sitakuja na maneno."

Haji alimwambia Tenywa, nikisikia, kwamba kama ubao umekufa utalipwa kwa mshahara wake na Jinja asahau. Tenywa akafuta mikono, akaenda mjini kuomba kwa mafundi wengine memori ya kuazima, ya kujaribia tu. Haji akaenda msikitini na mimi nikaenda. Mimi ni mtu wa safu ya mwisho karibu na mlango. Watu walipokuwa bado wanatafuta viatu vyao, mimi nilikuwa nimeshafika Nabuyonga. Nilitaka kuhakikisha jambo moja tu, kwamba Tenywa hajaikwaruza, ili Jumatatu niirudishe Jinja. Nikaichomoa, nikaielekeza dirishani.

Jua la saa saba lilipita juu ya meno ya dhahabu likateleza. Kavera ilikuwa palepale, laini, imelazwa na kidole gumba changu. Nilielewa mara moja, na nilielewa mambo yote pamoja, kama mtu anayejumlisha safu nzima ya tarakimu kwa mtazamo mmoja. Nikaibandua kwa ukucha. Nikaichomeka, nikawasha. Mlio mmoja mfupi, wa kuku mdogo, na skrini ikaandika.

Nilikuwa na kama sekunde kumi za kuwa mtu mwema. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile na hazizidi kumi. Ningemkimbilia mjini nikiita, "Tenywa, ni mimi, ni kavera!" tungecheka, Haji angenikata soda ya mwaka mzima, yakaisha. Badala yake nilizima mashine. Nilipoinua macho, Hajati alikuwa dirishani na mwiko mkononi. Akarudi kwenye sufuria.

Saa nane walikuwepo wote, Haji na Afande, na Tenywa akaingia wa mwisho, jasho linamtoka, ameshika kitambaa chenye memori ya kuazima ndani. Sikumpa nafasi ya kukifungua. Nilisema, "Hebu nami nijaribu," nikaibonyeza memori ambayo ilikuwa tayari imeingia, nikawasha. Mlio mfupi.

"Imeria!" Tenywa alipiga makofi. "Imeria vizuri! Siraji wangu, imeria!" Wa kwanza kufurahi alikuwa yeye. Akanishika bega. "Urifanya nini?"

"Haikuwa imeingia sawasawa. Nimeibonyeza."

Mkono wake ukatoka begani taratibu. "Niribonyeza mara tisa."

"Ilikuwa inataka ya kumi," nikasema, na Haji akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu ndiyo fundi," Afande alimwambia Haji akininyooshea kidole. "Ule mwingine mpe jembe."

Tulikula. Mimi nilikaa mahali pa Tenywa, sijui kwa nini alinipisha. Hajati akaleta kuku, akagawa, na mwisho akabaki na firigisi kwenye kijiko. Aliishika juu ya sahani yangu muda wa kutosha mate kunijaa. Kisha akageuka mlangoni, akaita, "Nyau, nyau," na akaidondosha chini. Paka wa nyumba ile alikuwa kijivu, mnene, hana shukrani. Aliila akinitazama. Na Ijumaa zote zilizobaki kabla sijaenda Jinja, firigisi ilikuwa ya paka. Nimewahi kuwaonea wivu watu wengi, na nitawaonea wengine Mungu akinipa uhai, lakini wivu wa paka umenipata mara moja tu na sitaki tena.

Tenywa aliondoka Jumatatu. Alisema mama yake anaumwa, na hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Bisibisi yake nzuri aliiacha kwenye meza yangu. "Jinja utaihitaji," alisema. Nilizishika funguo za Jinja kwa miezi mitano. Nilinunua vizuri, nilipatana vizuri, na mashine zilipolia sikujua zinasema nini. Mtaa wa pili kutoka kwangu kulikuwa na kijana kwenye kibaraza, ana meza moja na kichwa kimeinama upande, na wateja wangu walipita mbele ya mlango wangu wakimfuata yeye. Nilirudi Mbale, nikaingia biashara ya vifaa vya simu, ambavyo havilii.

Sasa rudi kwenye dua. Tenywa alikuja akakaa mkekani kando yangu, akachukua nyama moja kutoka sahani yake akaniwekea, bila kuniuliza. Zikawa nne. Alinieleza kwamba ana mafundi sita chini yake. Sita! "Na wote wanakujua," alisema. "Kira anayeanza kazi namsimuria ya Afande. Nawaambia, usiseme kitu kimekufa mpaka umebonyeza mara kumi, maana kuna mtu anaitwa Siraji arinishinda kwa moja." Akacheka, kisha akaacha. "Rakini nikwambie kweri, ndugu yangu. Mikono yangu hii irijua kwamba memori imeingia. Mpaka reo najaribu kuerewa. Irikuwa nini?"

Nilitafuna nyama yake. Nikasema mambo ya zamani, nani anakumbuka. Akasema hapana, mimi Siraji nakumbuka kila kitu, nilihesabu hata skrubu zake yeye. Akataka niende Jinja Jumamosi hii, nile kwake, niwaonyeshe vijana wake jinsi nilivyofanya. Mke wake atachinja kuku. "Firigisi ni yako," alisema. "Mgeni wa heshima."

Kavera ninayo. Sijawahi kutupa kitu nilichokilipia. Iko ndani ya kopo la skrubu, imekunjamana na kuwa ya njano kama ile ya saa ya Hajati. Nikimwonyesha, hao watu sita, ambao ndio watu pekee duniani wanaoniita fundi, watajua mimi ni nani. Na yeye atajua kwamba mikono yake haikukosea hata siku moja. Nikinyamaza, nitakula firigisi mbele ya wote, niliyoitamani tangu nina miaka ishirini na mmoja, na nitaijua ladha yake. Jambo baya zaidi, nalisema kwa kuwa nimeshasema mengine yote, ni kwamba ninapowaza kumwambia, kinachonizuia kuliko aibu ni lile gari jeupe. Najiambia, huyu ana vingi tayari, kwa nini nimwongezee na hiki?

Leo ni Alhamisi. Nimehesabu siku, nikarudia, na zimebaki mbili. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, na ambaye hujawahi kula kwa Hajati wala hunidai kitu, nishauri: lile kopo la skrubu nilibebe, au niende mikono mitupu?